Siku Nilipotafsiriwa Mbale

Niseme mapema ili tusipotezeane muda: bado nina hasira. Anayetaka habari za mwanamke aliyesamehe aende kwingine.

Mimi ni askari jela mstaafu. Nimevaa sare karibu miaka thelathini, sehemu kubwa hapa Jinja, na tangu nistaafu naishi Wanyange, nyumba ya vyumba viwili, ziwa linaonekana ukisimama kwenye kibaraza. Watu wananiita afande hata nikiwa nimejifunga kitenge na ndoo iko kichwani. Ni Kiswahili changu kinachowafanya waniite hivyo. Hapa kwetu ukimsalimu mtu mzima kwa Kiswahili anakutazama mikono kwanza, maana wazazi wake walikisikia kikitoka midomoni mwa wanajeshi, enzi ambazo ukikisikia unakimbia. Kwangu mimi ni lugha ya jikoni. Baba alikuwa askari, nimezaliwa kambini. Mama alikuwa anatugombeza kwa Kiteso, anatubembeleza kwa Kiswahili, na mwanangu wa pekee nimemlea hivyo hivyo.

Ninachopenda ni viota. Viota vya kwera, wale ndege wadogo wa manjano wanaojazana kwenye miti ya ufukweni na kupigiana kelele kutwa kama watu wanaogombania urithi. Msimu ukiisha naokota viota vilivyoachwa, navifungua taratibu kwa mkasi wa kucha, naangalia jinsi vilivyofumwa, nachora kwenye daftari. Ninavyo zaidi ya sitini, kwenye maboksi ya viatu. Jirani mmoja aliwahi kuniuliza, kwa adabu kabisa, kama ni dawa za kienyeji. Nikamwambia ndiyo, za kuwanyamazisha wanaouliza maswali. Hajauliza tena.

Jinsi nilivyoanza ni jambo ambalo mtu mmoja tu alilijua, na ndilo lililonifikisha hapa, kwa hiyo acha niliseme mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Kama miaka kumi iliyopita mwanangu alikamatwa yeye na wenzake wawili, wakiwa na pikipiki ya wizi. Alikaa mahabusu upande wa Mbale miezi kumi na minne. Mashahidi hawakutokea, kesi ikafa, akatoka. Miezi yote hiyo sikwenda kumwona. Hata mara moja. Kila Jumamosi, siku ya kuona mahabusu, nilikuwa naamka, napika kuku na chapati, nafunga vizuri kwenye hotipoti, navaa gauni langu la maana. Halafu nikifika kituo cha magari ya Mbale, miguu inakataa. Nilijua nitakachokikuta. Nitasimama getini upande wa wageni, nitaje jina langu na jina la mahabusu, na yule kijana wa zamu atanipigia saluti huku macho yake yanasema, kumbe mtoto wa afande ni mwizi. Basi nilikuwa nachukua bodaboda nakuja Wanyange, nakaa chini ya mti wenye viota mpaka jioni. Chakula nawapa wanawake wanaopara samaki. Mtoto nikampelekea ujumbe kwamba wakubwa wananinyima ruhusa ya kusafiri. Akaamini. Mimi nikawa natazama ndege, kwa kuwa mtu hawezi kutazama maji tu miezi kumi na minne.

Huyo mmoja aliyejua ni rafiki yangu. Tumefanya kazi pamoja, kota zetu zilipakana ukuta, tumezikiana waume. Jumamosi moja alinikuta narudi na hotipoti tupu na macho mekundu, akaniuliza, nikamwambia yote. Alilia kuliko mimi. Akaapa kwamba itaingia kaburini naye.

Yeye ni Mgisu, kwao Nakaloke, nje kidogo ya Mbale. Alipostaafu alirudi nyumbani, akawa mkalimani wa kanisa. Kama hujawahi kuwaona wakalimani wa mikutano yetu ya injili, iko hivi: mhubiri anasema sentensi yake, mkalimani anaisema kwa lugha ya watu. Mhubiri akiruka, naye anaruka. Mhubiri akilia, naye analia, tena kwa machozi ya kweli. Aliye hodari watu wanamfuata yeye, na mhubiri anabaki kama mgeni aliyesindikizwa. Rafiki yangu ni hodari. Wahubiri wanamgombania.

Ndiye aliyenitafutia ile nafasi. Mbale kuna maktaba ndogo ya jamii, ambapo kila mwezi mtu wa kawaida anaalikwa aeleze jambo analolipenda. Mwezi mmoja walikuwa na fundi saa, mwingine mwalimu mstaafu anayefuga nyuki. Akanipigia simu.

"Afande, nimewapa jina lako. Utafundisha hiyo mambo yako ya ndege."

"Nani kakwambia mimi ni mwalimu?"

"Wewe kuja tu. Utasema Kiswahili yako, mimi nitawapa Kigisu. Hakuna mtu atakukula."

Nilikubali, na sikukubali kwa ajili ya maktaba. Mwanangu anaishi Busiu, kwenye barabara ya Tororo, si mbali na Mbale. Ana mashine ya kusaga mahindi, ana mke na watoto wawili. Ananiheshimu. Ananitumia unga, ananipigia simu Krismasi na Pasaka. Lakini tangu atoke mahabusu anaongea nami jinsi mtu anavyoongea na afisa. Ndiyo, Mama. Sawa, Mama. Hakuna shida, Mama. Nimesikia sauti hiyo miaka thelathini kwa wafungwa, naijua, ni ya mtu anayesubiri uondoke. Nilitaka aje, akae kwenye kiti, anione nikiongea kitu ninachokipenda bila sare na bila cheo. Nilidhani labda baada ya hapo ataniuliza swali. Swali lolote, hata kuhusu mayai. Nilimpigia, akasema atakuja. Wiki mbili sikulala vizuri kwa furaha, mtu mzima mimi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi asubuhi. Viti vya plastiki vilijaa, watu kama themanini, wengi wao wazee, kina mama wa makanisa ambao rafiki yangu aliwakusanya. Mwanangu alikaa nyuma karibu na mlango, shati limepigwa pasi, mkewe pembeni. Niliwapungia mkono kama mtoto wa shule siku ya michezo. Meza ilikuwa na viota vyangu kumi na viwili, nimevipanga kuanzia kilichoanzwa tu mpaka kilichokamilika. Mimi niliyekuwa nawahesabu wafungwa mia tatu uwanjani kwa sauti moja, nilivihesabu viota hivyo mara tatu.

Nilianza na pete. Dume anachagua tawi, anachana jani refu bichi, analifunga, anafuma duara la kusimamia. Rafiki yangu akatafsiri. Nikaeleza anavyofuma chumba nyuma ya duara, mlango ukitazama chini ili nyoka ahangaike. Akatafsiri. Nikaeleza kwamba jike huja kukagua, anavuta nyuzi kwa mdomo kupima kama zimekaza, na asiporidhika anaondoka, na kiota kikishakauka hakuna jike atakayekitaka, kwa hiyo dume anakibomoa na kuanza upya. Akatafsiri. Sentensi zake zilikuwa fupi, na mimi niliona kilichokuwa kinatokea, sikuwa kipofu. Watu walikuwa wanapiga miayo. Mzee mmoja mstari wa mbele alikuwa anasoma simu yake waziwazi, kaishika karibu na pua. Mama mmoja alikuwa amelala na kichwa kimegemea bega la mwenziwe. Rafiki yangu akanitupia jicho, nikajua naye ameona.

Nikachukua kiota kimoja, nikasema sentensi ya kupumzikia tu: "Ndege hawa nilianza kuwatazama Jumamosi moja, kule Wanyange, siku niliyokuwa na nafasi."

Akaigeukia ile hadhara, akaanza. Hakumaliza haraka. Aliongea dakika tatu, nne. Sauti aliishusha mpaka watu wakainama mbele. Akanyanyua mkono, akaushusha, akajishika kifua. Mzee wa simu akaiweka mfukoni. Aliyelala akaamka. Kina mama wakashika tama, mmoja mmoja, mpaka mstari mzima. Mimi Kigisu changu ni cha salamu na bei ya nyanya. Nilimsikia akisema Wanyange, nikamsikia akisema afande, nikafikiri anawaeleza mahali palivyo. Nikajiambia, yaani Kigisu nacho ni kirefu. Nikasimama pale na kiota mkononi, natabasamu, meno yote nje, nafurahi kwamba hatimaye ndege wangu wamewagusa watu.

Ndipo nilipomwona mwanangu akiinuka. Hakuharakisha. Alisogeza kiti chake taratibu kisitoe kelele, akatoka. Mkewe alibaki ameinamisha uso, kisha naye akamfuata.

Nikafikiri ni mashine. Wateja wamempigia simu. Iliniuma, tena iliniuma sana, nikasema moyoni, hata sijafika kwenye mayai. Lakini niliendelea, kwani ukumbi sasa ulikuwa wangu. Kila nilichosema walikipokea kwa mguno. Maswali yakaja, mengi, na ya ajabu. Mama mmoja aliuliza kama jike hurudi kwa kinda lililoanguka chini. Nikajibu kitaalamu, nikasema mara nyingi harudi, linaachwa. Ilipotafsiriwa, ukumbi mzima ukasema mmm, kwa huzuni. Mwingine akauliza kama kinda humjua mama yake baadaye. Nikasema hilo sijaliona, sina hakika. Mmm, tena. Nilijiona profesa. Tulipomaliza walinipigia makofi wamesimama, na mimi mbele yao wote nikamkumbatia yule rafiki yangu, nikamwambia Mungu akubariki.

Nilikuwa nafunga maboksi yangu alipokuja bibi mmoja mwembamba, akanishika mikono yote miwili. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza.

"Pole na ile mtoto. Mimi pia yangu ilifungwa. Mimi pia sikuenda."

"Mtoto gani, mama?"

"Ile ya jela. Ile wewe ulikuwa unapikia kuku, halafu unakaa na ndege." Akanipapasa kiganja. "Mwenzako ametuambia yote. Usilie. Mungu anaona."

Sikuwa nalia. Nilikuwa nimeshikwa na butwaa, na sauti za watu zilikuwa zinanifikia kwa mbali. Halafu kila kitu kikajipanga chenyewe kichwani: zile dakika nne, mkono kifuani, kina mama na mashavu yao. Na mlango. Mwanangu ameoa Mgisu, amekaa Busiu miaka saba, anauza na kusaga na kulumbana na wateja kwa Kigisu kutwa nzima, na mimi mama yake kichwani mwangu alikuwa bado ni yule mtoto wa kambi anayejua Kiswahili na Kiteso. Amesikia neno kwa neno. Amesikia mambo yangu yakisemwa na mtu mwingine, mbele ya watu themanini, huku akinitazama mimi nikichekelea.

Rafiki yangu nilimkuta nyuma ya jengo, ameketi na soda, watu wamemzunguka wanampongeza. Nilimwambia ainuke. Nilitumia sauti ya kazini, na wale watu wakatawanyika bila kuambiwa.

"Umewaambia nini?"

Hakujifanya hajui, hilo nampa. "Walikuwa wanalala, afande. Uliona mwenyewe. Watu hawasikii maneno ya majani. Watu wanataka ushuhuda. Niliwapa ushuhuda, wakaamka, wakakupenda."

"Ushuhuda wa nani? Wako?"

"Wa ukweli."

"Uliapa."

"Niliapa zamani, wakati mtoto alikuwa hajui. Wewe mwenyewe uliniambia ulimwambia na mkalia na ikaisha. Si ulisema?"

Na hapa lazima niseme jambo nililoliruka. Nilimwambia hivyo kweli. Alikuwa ananisumbua kila tukikutana, mwambie mtoto, mwambie mtoto, utakufa nayo, mpaka siku moja nikachoka nikamwambia nimeshamwambia, tumelia, yameisha. Ulikuwa uongo wa kumfunga mdomo. Kwa hiyo alipomwona mwanangu pale nyuma aliona kijana aliyemsamehe mama yake, na akafikiri anaueleza ukumbi habari njema.

Sasa kuna watu, dada yangu akiwemo, wanaosema basi kosa ni langu. Mimi nasema hata kama. Hata kama ningekuwa nimemwambia mtoto mara mia, jambo lile lilikuwa langu, na yeye alilichukua kama mtu anavyochukua chumvi jikoni kwa jirani bila kubisha hodi, akalitumia kukoleza mkutano. Nilimwuliza kama ingekuwa yake angeisema. Akasema kanisani anasema yake kila wiki. Nikamwambia, ndiyo, unasema yako kwa mdomo wako, ukijua wanachokisikia. Mimi ulinivua nguo nikiwa nimesimama, na ukaniacha nikicheka. Akaanza kulia. Machozi yake nayajua, yanakuja yakiitwa. Nilichukua maboksi yangu nikaondoka, na mpaka leo nikiona jina lake kwenye simu naigeuza simu kifudifudi.

Nilikwenda Busiu saa ile ile, na maboksi yangu ya viatu mapajani.

Nilimkuta kibandani. Amevua lile shati la pasi, amevaa la kazi, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi. Wateja wawili walikuwa wanasubiri na ndoo zao za mahindi. Mkewe aliponiona alinipokea maboksi, akaingia ndani. Mwanangu alizima mashine. Alifanya hivyo kwa heshima, kama kawaida yake, ili asinipigie kelele.

"Mama."

"Nimekuja kukwambia."

"Nimeshaambiwa."

Nilisema kwamba nilitaka kumwambia mwenyewe, muda mrefu, na kwamba yule mwanamke hakuwa na haki. Niliongea sana kuhusu yule mwanamke. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, huku akijifuta mikono kwa gunia.

"Kule ndani," akasema, "Jumamosi nilikuwa nafua shati tangu usiku ili likauke. Nakaa karibu na mlango, nasikiliza majina yakisomwa. Wenzangu wakawa wananicheka, mama yako afande, hata sabuni hakuletei. Niligombana na mtu kwa ajili yako. Nilimwambia mama yangu ananyimwa ruhusa, angekuwa na ruhusa angekuja kwa miguu." Alisema hayo bila kupandisha sauti. "Huyo rafiki yako ametoboa siri yako. Sawa. Mimi ulinidanganya miaka kumi."

"Niliona haya."

"Haya ya nini?"

Wale wateja walikuwa wanatazama mahindi yao.

"Hujawahi kuniuliza, Mama. Tangu nikamatwe mpaka leo. Polisi waliniuliza, hakimu aliniuliza, mke wangu aliniuliza kabla hatujaoana. Wewe hujawahi kuniuliza kama niliiba."

Ni kweli. Nilifikiria nyuma, siku zote hizo, na sikuona hata siku moja. Basi nikamuuliza, pale pale, mbele ya watu na ndoo zao.

"Uliiba?"

"Hapana."

Akabaki ananitazama. Nilijua anasubiri neno gani, na nilikuwa nalo, nilitaka kulisema, nakuamini mwanangu. Lakini nimefanya kazi karibu miaka thelathini mahali ambapo kila mtu anasema hapana, na masikio yangu yalilipima kwanza lile neno, yenyewe, kabla sijayazuia. Ilichukua sekunde moja, labda haikufika. Nikasema, "Nakuamini."

Alikuwa ameshaiona ile sekunde. Akatikisa kichwa kidogo, akasema, "Sawa, Mama," akapokea ndoo ya mteja wa kwanza, akawasha mashine.